Mstari wa Saa Saba na Robo

Ndoano ilikuwa juu ya sinia la chuma, bado imefungwa katika karatasi yake, na Mama Saa alikuwa ameshaitazama mara tatu. Ni kitu kidogo tu: kijiti cha plastiki kirefu kuliko shibiri, ncha yake imepinda na kubeba jino dogo la kutosha kutoboa chupa ya uzazi na kuyamwaga maji anamoogelea mtoto. Maji yakishatoka, kichwa cha mtoto huikandamiza njia, uchungu hushika kasi, na uzazi uliokuwa ukisuasua huenda ukaisha katika saa moja. Saa moja ndiyo aliyokuwa akiihitaji. Saa nane mchana zamu yake ilikuwa inakwisha, na wa kumpokea alikuwa Asali.

Jina la Mama Saa alilipata kwa ile saa anayoibandika kifuani, juu ya mfuko wa sare. Mtoto akitoka, kabla hajalia, yeye hutaja dakika kwa sauti, na dakika hiyo hubaki ya mtoto huyo maisha yake yote. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Wauguzi wote wa wodi wamepita mikononi mwake, na hakuna aliyewahi kumkuta amekosea hata nukta katika chati. Asali naye alipewa jina na wazazi wa wodini, kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa amekuja miaka miwili nyuma akiwa hajui hata kukunja mikono ya koti, na Mama Saa ndiye aliyemshika vidole, kimoja baada ya kingine, akamwonyesha pa kuviweka.

Sasa tuseme ukweli, maana mwenyewe alikuwa akiuita uchovu: Mama Saa alikuwa na wivu. Haukuwa wivu wa cheo, kwa kuwa cheo alikuwa nacho. Ulikuwa wivu wa wajina. Katika miaka yote ishirini na miwili, katika mamia ya watoto wa kike aliowapokea kwa mikono hii, hakuna mama hata mmoja aliyempa bintiye jina lake. Walimshukuru, walimpa mkono, walimwahidi kumwombea. Asali alikuwa na wajina wanne. Wanne! Mmoja alikuwa ameshaanza kutembea, na mama yake alimleta wodini makusudi, ampungie mkono somo yake. Siku hiyo Mama Saa alikwenda stoo kuhesabu mashuka yaliyokwisha kuhesabiwa, akakaa humo mpaka wageni walipoondoka.

Na leo aliyelala kitandani hakuwa mtu baki. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, binti aliyemlea tangu darasa la tatu, aliyemsuka nywele, aliyemfokea kwa kupoteza viatu, aliyemnunulia cherehani ya kwanza. Sasa alikuwa fundi wa nguo za maharusi mwenye wateja wa kusubiri foleni, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Vipimo vilisema ni msichana. Mama Saa hakuwahi kumwambia mtu, lakini kwa miezi mitano alikuwa amelitembeza jina lake mwenyewe kichwani, akilivalisha gauni dogo, akilipeleka shule.

"Mama Mkubwa," fundi aliita, akipumua kwa mdomo. "Hiyo si sindano ya kufumia?"

"Si ya kufumia. Hii inafumua."

Fundi alicheka, uchungu ukamkata kicheko katikati, akashika ukingo wa kitanda. Mama Saa aliitazama saa yake mpaka uchungu ulipopita. Sekunde thelathini na tano. Hafifu.

"Mama Mkubwa, Asali anaingia saa ngapi?"

"Kwani mimi nimekuwa pambo la ukuta?"

"Aa, usikasirike. Si hivyo."

"Ni vipi, basi?"

Fundi alifikiri kwanza. Alikuwa hivyo tangu utotoni, hakujua kusema uongo wa kumpoza mtu. "Wewe ukinitazama," alisema, "nahisi kama sijamaliza kazi niliyopewa na mwalimu. Yule kila nikija kliniki ananitazama kama tayari nimemaliza."

Mama Saa alisema hilo halina neno. Akaenda kwenye sinki akanawa mikono ambayo ilikuwa safi, akainawa tena.

Saa saba kasoro robo alimpigia simu daktari wa zamu, aliyekuwa akitoka kwenye upasuaji mmoja na kujiandaa kwa mwingine. Alimweleza kwa ufupi kama alivyozoea: mimba ya kwanza, sentimita tano saa tatu asubuhi, sentimita sita sasa, uchungu hauna nguvu, moyo wa mtoto mzuri, chupa nzima.

"Kichwa kimeshuka?" daktari aliuliza.

"Nitampapasa tena."

"Kikiwa kimeshuka, pasua chupa. Kikiwa juu, usiiguse, nisubiri nije. Nakuachia wewe, Mama Saa. Wewe huhitaji kufundishwa."

Kweli hakuhitaji. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha. Kichwa cha mtoto hupimwa kwa vidole juu ya mfupa wa kinena: vidole vitano vikikipata, bado kinaelea, vikikipata viwili tu, kimeingia vyema katika nyonga na kuziba njia. Chupa ikipasuliwa kichwa kikiwa juu, maji huchomoka kwa kasi na huweza kuikokota kamba ya kitovu ikatangulia mbele. Kichwa kikishuka nyuma yake huibana, na mtoto hukosa hewa akiwa bado tumboni mwa mama yake. "Kichwa kwanza, maji baadaye," alikuwa akiwaambia wauguzi wapya, akiwagongea meza kwa kifundo cha kidole. Asali aliwahi kuliandika neno hilo nyuma ya kitambulisho chake.

Alimpapasa fundi. Aliweka vidole juu ya kinena, akasubiri tumbo lilegee, akabonyeza. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Kichwa kilicheza chini ya mkono wake.

"Kikoje?" fundi aliuliza.

"Subiri kidogo."

Basi alikuwa amekata shauri kusubiri. Lazima hilo lisemwe pia, kwa haki yake. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kumsugua fundi kiuno kwa kiganja, na kwa dakika kama kumi walikuwa mtu na mamaye. Fundi alimsimulia habari za bibi harusi aliyebadilisha mshono mara tano na mume mara moja. Walicheka. Mama Saa aliwaza kwamba hata mtoto akizaliwa saa kumi, hata akizaliwa jioni, fundi angekumbuka mkono huu uliokuwa kiunoni.

Saa saba na dakika tano mlango ulifunguliwa, akaingia Asali, bado amevaa nguo za nyumbani, mkoba begani.

"Shikamoo, Mama Saa."

"Marahaba. Saa yako imeharibika? Zamu yako ni saa nane."

"Haijaharibika. Alinitumia ujumbe kwamba anaogopa. Nikaona nitangulie."

*Alinitumia ujumbe.* Tangu alfajiri Mama Saa alikuwa hapo, hajanywa hata maji, na huyu alikuwa amelala na simu chini ya shuka akimwita mwingine. Asali alikwenda upande wa pili wa kitanda. Hakufanya kitu cha maana. Hakupima, hakuuliza, hakutazama chati. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa fundi, akasema, "Pole, mama. Umejitahidi sana." Na fundi, ambaye asubuhi nzima alikuwa ameyazuia machozi mbele ya mama yake mkubwa, alifungua kinywa akalia kwa sauti, akamng'ang'ania Asali mkono kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shuleni.

Mama Saa alisimama akiwa ameshika kitambaa cha kumfutia jasho. Yeye ndiye aliyelala naye chini siku alipofiwa, na siku ile mtoto yule hakulia. Machozi yale alikuwa ameyasubiri miaka kumi na saba, leo yamemwagikia mkono wa mtu mwingine.

"Nenda ukabadilishe nguo," alimwambia Asali. "Huwezi kuwa humu na vumbi la barabarani."

"Sawa, Mama Saa. Narudi sasa hivi."

Mlango ulipofungwa, alivuta pazia. Alizitazama dakika zake: arobaini na tano zilikuwa zimebaki, na kwa chupa kupasuka zingetosha, au karibu zitoshe, na akiomba abaki mpaka mwisho nani angemkatalia? Alichukua kalamu. Kwa kawaida huandika baada ya kufanya jambo. Leo aliandika kabla. Katika safu ya saa saba na robo, kwa mwandiko wake uleule ulionyooka ambao wauguzi waliuiga, aliandika: *Kichwa: vidole viwili.*

Mkono haukumtetemeka. Hilo lilikuja kumtisha baadaye kuliko mengine yote.

"Nakupasulia chupa," alisema, akivaa glavu. "Hakuna maumivu. Utasikia uvuguvugu tu."

"Asali hatumsubiri?"

"Asali ana kazi gani hapa? Legeza magoti."

Alichana karatasi kwa mkono mmoja, akaitoa ndoano. Vidole viwili vya mkono mwingine viliingia, vikatafuta njia ambayo vilikuwa vikiijua kuliko ngazi za nyumbani. Shingo ya kizazi, laini, sentimita sita. Chupa imevimba, imekaza. Alisubiri uchungu upite ili ngozi ilegee, apate pa kuikamata. Ikalegea. Akaleta ndoano karibu na kidole.

Chini ya ncha ya kidole kitu kilipiga.

Alitulia. Kikapiga tena, na tena, nyuma ya ule utando mwembamba, kamba laini yenye unene wa kidole cha mtoto, inadunda. Alijiambia ni mshipa wa mama. Alijiambia ni mapigo yake mwenyewe, maana moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Lakini yeye alikuwa Mama Saa, na macho yalikwisha kushuka kifuani bila kutumwa. Alihesabu kwa sekunde kumi na tano: thelathini na tano. Hakuna mtu mzima mwenye moyo wa kasi hiyo. Ili awe na hakika, ilimpasa amshike fundi mkono apime mapigo yake, na ili amshike mkono ilimbidi aweke ndoano chini. Aliiweka. Mapigo ya fundi yalikuwa polepole, mbali kabisa na yale ya chini ya kidole.

Kitovu kilikuwa mbele ya kichwa. Kimelala palepale ambapo jino la ndoano lingeingia.

Alivitoa vidole taratibu mno, kama anayetoka chumba alicholala mgonjwa.

"Tayari?" fundi aliuliza.

"Bado." Kisha akapaza sauti, na jina lililomtoka lilimshangaza hata yeye. "Asali! Asali, njoo!"

Asali aliingia akifunga kifungo cha mwisho.

"Kitovu kimetangulia," Mama Saa alisema. "Chupa nzima, haijaguswa. Mlaze ubavu, weka mito miwili chini ya makalio. Halafu mpigie daktari, mwambie tunampeleka kupasuliwa sasa hivi. Wewe mwanangu, usisukume. Hata ukijisikia, usisukume."

"Mtoto amekufa?" fundi aliuliza.

"Mzima. Nimemshika mapigo yake kwa kidole hiki. Mzima kuliko mimi."

Asali alipanga mito kwa mkono mmoja, simu sikioni, akaivuta chati kumsomea daktari. Alisoma umri, alisoma sentimita, alisoma moyo wa mtoto. "Kichwa..." alisema. Mama Saa aliyaona macho yake yakisimama kwenye safu ya saa saba na robo, kisha yakaiona ndoano imelala bila karatasi yake. Asali aliweka mkono juu ya kinena cha fundi, akabonyeza, kimoja, viwili, vitatu, vinne, vilevile alivyofundishwa.

"Vidole vinne, daktari," alisema. "Kichwa kiko juu."

Hakumtazama Mama Saa. Walifungua breki za magurudumu ya kitanda wakaondoka nacho, mmoja kichwani na mwingine miguuni, mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, ambapo wakunga huishia, na hapo wengine waliwapokea.

Mtoto alitolewa saa nane na dakika nne. Mama Saa alimsikia akiwa nje, amekaa kwenye benchi la korido, na midomo yake ikataja dakika bila sauti. Zamu yake ilikuwa imekwisha dakika nne nyuma. Mtoto hakutokea mkononi mwake, wala mkononi mwa Asali; alipokewa na daktari ambaye hata sura ya mama alikuwa haijui vizuri.

Alirudi chumbani kuchukua mkoba. Chati ilikuwa mezani. Droo ilikuwa na chati tupu, bunda zima, na kunakili mistari sita ni kazi ya dakika tatu kwa mwandiko kama wake. Alikuwa ameshaifungua droo Asali alipoingia.

"Wazima wote wawili," Asali alisema. "Kilo tatu na robo. Analia huyo!"

"Alhamdulillahi."

Asali aliiona droo. Aliokota ndoano, akaitupa kwenye ndoo ya taka, na karatasi yake pia. "Mimi sijasema kitu kwa mtu," alisema kwa ile sauti yake. "Na sitasema, Mama Saa. Kila mtu huchoka."

Yaani hata hapa! Hata hapa binti huyu alikuwa na kiganja cha kuweka kwenye paji la uso wa mtu. Mama Saa alimchukia kwa muda wa pumzi moja, chuki safi isiyo na mchanganyiko, kwa sababu msamaha ule ulikuwa wa kweli, naye katika miaka yote ishirini na miwili hakumbuki kama aliwahi kumpa mtu msamaha kabla hajamgongea meza kwanza.

"Sikuchoka," alisema. "Nilikuonea wivu."

Asali aligeuka akaitazama chati iliyokuwa mezani.

Wodini kwao kosa la chati halifutwi. Halibandikwi karatasi, halipakwi rangi. Mama Saa ndiye aliyeleta utaratibu huo: unakata mstari mmoja tu, mwembamba, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, kisha unaandika kilicho sahihi na kutia saini. Alikuwa amewarudishia wauguzi chati ngapi kwa sababu walikata mistari miwili? Alifunga droo. Akaketi, akakata mstari mmoja juu ya *vidole viwili*, akaandika pembeni, *Si kweli. Vinne. Nilijua*, akatia saini na saa.

Alipokwenda kumwona fundi, jua lilikuwa limegeukia dirisha la upande wa nyuma. Fundi alikuwa amelala chali, uso umempauka, mtoto kifuani ndani ya kigauni alichokishona mwenyewe, mishono midogo mpaka kwenye pindo. Asali alikuwa kando ya kitanda na fomu ya kumwandikisha mtoto, kalamu mkononi.

"Mama Mkubwa, njoo umwone. Daktari ameniambia. Kasema kama ungetoboa ile chupa tungekuwa tunazungumza mengine sasa hivi. Kasema ni kidole chako." Alimeza mate, midomo ilikuwa imemkauka. "Asubuhi nilikuudhi, najua. Nilikuwa naogopa tu. Mwenyewe nimeshakata shauri, na baba yake amekubali kwenye simu. Anachukua jina lako."

Asali alishusha kalamu kwenye mstari wa kwanza wa fomu, akasubiri. Hakuinua uso.

Furaha ilimpanda Mama Saa ghafla hivi kwamba ilimbidi ashike chuma cha kitanda. Jina lake. Mtu mdogo mwenye ngumi zilizofumbwa na nywele zilizolala, atakayeitwa jina lake shuleni, atakayeulizwa umelipata wapi, aseme kwa bibi yangu aliyeniokoa. Alikitazama kichwa kile, kidogo, kiduara, ambacho mchana huohuo alikiandika mahali ambapo hakikuwapo. Angeweza kunyamaza. Asali angeandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, alifundishwa naye.

"Usiandike kwanza," alimwambia Asali.

Alikwenda mpaka miguuni mwa kitanda, ambako chati ilikuwa imetundikwa, akaitoa. Akavuta kiti karibu, akampa fundi, akamshikia mtoto ili apate kusoma kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Mimi sijui mambo yenu haya," fundi alisema, akitabasamu. "Nisome wapi?"

"Fuata saa. Saa saba na robo."

Fundi alipitisha kidole polepole, kama anavyokagua mshono kabla ya kumkabidhi mteja nguo, akishuka safu baada ya safu. Kidole kikafika, kikasimama.

"Hapa pamekatwa kitu."

"Ndiyo," Mama Saa alisema. "Soma kilichokatwa."